Tamima, mpima sukari za dawa aliyeponzwa na halua ya baba yake

Saa mbili na robo asubuhi, Tamima Darwesh ananawa mikono. Ananawa mpaka kwenye viwiko, anasugua kucha kwa brashi, anasuuza, kisha anarudia kwa sabuni mpya kana kwamba ile ya mwanzo hakuiamini. Nyuma yake Sumaiya, mwenzake wa kazini, anasubiri zamu yake na mikono ya koti ameshaikunja.

"Usije ukaandika kuwa nna wasiwasi," anamwambia mwandishi bila ya kugeuka. "Andika kuwa nshapata somo."

Sumaiya anacheka peke yake. Somo lenyewe tutalifikia, maana ndilo lililomleta mwandishi huku. Kwanza tumfuate Tamima ndani.

Chumba anamofanyia kazi kimo kwenye ghorofa ya juu ya maabara moja ya kupima dawa, upande wa Ng'ambo. Ni kidogo, kina baridi ya kumfanya mtu atamani shuka, na juu ya meza imekaa mashine ya kijivu inayonguruma taratibu. Tamima anaipitishia kiganja ubavuni.

"Sabalkheri, bibi," anaiambia. Kisha anamgeukia mgeni. "Hii ukiisusa nayo inakususa. Mwaka jana nilikwenda likizo, niliporudi nilishinda kutwa nzima naibembeleza."

Anafungua friji, anatoa kichupa cha dawa kisichozidi kidole gumba, anavuta tone kwa pipeti na kulihamishia kwenye kichupa kingine kidogo zaidi. Ukimtazama kwa mbali utadhani hafanyi kitu. Mkono hautikisiki, mdomo ameufumba, na kwa mtu mwenye maneno mengi kama yeye, huko kunyamaza peke yake ni kazi.

Tamima ana umri wa miaka thelathini na sita na kazi yake ni kupima sukari. Lakini si ile sukari ambayo msomaji anaidhania.

"Nikisema napima sukari, watu wananitolea vidole," anasema akishaweka pipeti chini. "Ami yangu mmoja alishakunja mkono wa kanzu kabisa. Ananambia, mwanangu nitoboe taratibu, jana nimekula vitumbua."

Sukari zake yeye zimo ndani ya dawa. Zipo dawa za siku hizi ambazo ni protini, na hazichanganywi kiwandani kama vidonge vya homa. Hutengenezwa na seli hai zinazofugwa kwenye matangi, zikalishwa na kutunzwa mpaka zikaitoa ile protini inayotakiwa. Seli hizohizo ndizo zinazoining'inizia protini vijimnyororo vya sukari, vidogo kiasi kwamba hakuna jicho litakaloviona. Mojawapo ya dawa hizo ni sindano ya kuongeza damu wanayochomwa wagonjwa wa figo.

Kwa nini mtu ajishughulishe na vijimnyororo hivyo? Tamima ana jibu lake, na amelitoa mara nyingi hata limekuwa laini mdomoni.

"Sukari ndiyo nguo ya hii dawa," anasema. "Ikiwa imevaa vizuri, inatembea mwilini siku kadhaa inafanya kazi yake. Ikiwa nguo zimechanika, ini linaikamata na kuitupa nje. Mgonjwa kachomwa sindano, kaumia, na damu haikupanda."

Kujua kama dawa imevaa vizuri huchukua siku mbili tatu. Kwanza hutiwa kimeng'enya kinachozikata sukari kutoka kwenye protini, ikaachwa hivyo mpaka kesho yake katika joto sawa na la mwili wa binadamu. Kisha sukari zilizokatwa hupakwa rangi inayong'aa na kupitishwa kwenye mashine. Zinatoka moja baada ya moja, kila aina kwa wakati wake, na kompyuta inachora mstari wenye vilele. Kila kilele ni aina moja ya sukari, na ukubwa wa kilele ndio wingi wake. Tamima huulinganisha mchoro huo na mchoro wa dawa iliyokwisha kuthibitishwa. Vilele vikifanana, dawa inatoka ghalani kwenda hospitali. Visipofanana, inarudi ilikotoka.

Zamani sampuli zilipelekwa nje ya nchi na majibu yalikuja baada ya miezi. Leo majibu hupatikana Unguja hapahapa, ndani ya wiki.

Ukimuuliza aliyaanza wapi haya mambo ya sukari, hatakutajia chuo kikuu. Atakutajia jikoni kwa baba yake. Mzee Darwesh, ambaye mababu zake walitoka Omani, ana duka la halua Mlandege, na nyuma ya duka kuna jiko lenye masufuria makubwa ya shaba. Watoto wake wote walipewa mwiko mapema. Tamima alikuwa wa tatu kuzaliwa na, kwa kauli ya baba yake mwenyewe, wa kwanza kwa maswali.

"Huyu mtoto alikuwa hakorogi mpaka umjibu," anasema Mzee Darwesh, akimiminia mwandishi kahawa. "Kwa nini unatia wanga kwanza? Kwa nini sukari ikiungua inakuwa nyekundu? Mimi nnajua? Mimi nnajua kuwa ikiungua nimekula hasara."

Maswali hayo yalimpeleka kwenye kemia skuli, na kemia ikampeleka chuo kikuu bara. Alirudi na shahada, na kazi hakuna. Miaka mitatu alifunga halua dukani kwa baba yake, na vijana wa Mlandege wakamwita Digrii ya Mwiko. Hakuwachukia, lakini hakulisahau jina hilo. Alipopata nafasi maabara, kwanza ilikuwa ya kupokea sampuli mlangoni, kwa mshahara wa shilingi laki tatu na nusu ambao, anasema huku akicheka, ulikuwa mdogo kuliko alichokuwa akipewa na baba yake. Mashine ilipokuja na mtu akatakiwa kufundishwa, yeye ndiye aliyenyoosha mkono juu kabla ya swali kumalizika.

Sasa tuje Malindi, kwenye uchochoro usiopitisha gari, ambako honi ya boti ya Dar es Salaam hutikisa vikombe kabatini. Tamima anakaa hapo na wazazi wake na dada zake wawili. Kwenye baraza ya nyumba ya jirani hukaa Bi Rukaiya Mkubwa, mwanamke wa miaka hamsini na nane, mchoraji wa hina. Ukizunguka Mji Mkongwe ukauliza mabibi harusi wa zamani ni nani aliyewapamba, jina lake litakuchosha masikio.

Miaka mitatu iliyopita figo za Bi Rukaiya ziligoma. Tangu hapo husafishwa damu kwa mashine mara tatu kila wiki. Figo zikigoma, mwili nao husahau kutengeneza damu ya kutosha, na ndipo inapohitajika ile sindano. Mapema mwaka huu shehena ilichelewa. Hospitali ikaanza kuzigawa kidogokidogo zile zilizobaki, na aliyekuwa akichomwa mara tatu akawa anachomwa mara moja.

"Nilikuwa nikishika koni ya hina, mkono wote unatetemeka," anakumbuka Bi Rukaiya. "Nikitoka hapa kwenda dukani nakaa njiani mara mbili. Siku moja bibi harusi kaniangalia usoni, nami nikamwangalia mamake. Nikasema basi, nsije nikamharibia mtoto wa watu siku yake."

Akaacha kupokea maharusi. Kwa mwanamke aliyesomesha watoto wanne kwa hina, hilo lilikuwa pigo. Na lilikuja wakati mbaya. Ulikuwa mwezi wa Rajabu, na kila mtu Unguja anajua kinachofuata: Shaaban, ambapo watu hukimbizana kuoza kabla ya Ramadhani kuingia. Wazee wa mabibi harusi walikuwa wakipita barazani kwake na yeye anawaelekeza kwa wengine.

Katikati ya Rajabu shehena ikafika. Ikawekwa ghalani kwenye baridi, ikafungwa, na sampuli zake zikaletwa kwenye meza ya Tamima.

Bi Rukaiya alijua kuwa dawa imekuja na kuwa inapimwa. Aliambiwa hospitali. Na alijua kuwa binti wa Darwesh anafanya kazi kwenye mambo ya dawa. Akaunganisha mwenyewe. Kila Tamima akipita jioni, swali lilikuwa likimsubiri barazani.

"Shikamoo, Bi Rukaiya."

"Marahaba, mwanangu. Sindano zetu zishapita?"

"Mungu akipenda, bibi."

"Hilo si jibu, hiyo ni dua."

Tamima hakuwa na ruhusa ya kusema zaidi. Sheria ya kazi yake ni kuwa jibu la kipimo halitoki nje mpaka ripoti isainiwe, na halitoki kwa jirani, wala kwa mama, wala kwa mtu yeyote. Alikuwa akipita haraka na kichwa ameinamisha, na roho inamuuma.

Siku ya kupima ilianza kwa furaha. Sumaiya alikuwa ameposwa. Mchumba ni kijana wa kwao Nungwi, fundi wa umeme kwenye hoteli, na barua ya posa ilikuwa imejibiwa usiku uliopita. Mzee Darwesh aliposikia, hakukubali bintiye aende kazini mikono mitupu. Alimpa bakuli zima la halua, ile ya zafarani na lozi, ingali vuguvugu.

Asubuhi hiyo Tamima alitayarisha kwanza kichupa cha maji matupu. Hicho hupitishwa kwenye hatua zote pamoja na dawa, kuhakikisha kuwa hakuna uchafu unaoingia njiani. Saa nne wakatoka wote kwenda chumba cha chai. Wakaizunguka ile halua kama inavyoliwa popote Unguja, kwa vidole vitatu, na kahawa chungu pembeni. Mkuu wa maabara, Kheir Ubwa, mtu mkimya anayehesabu maneno, alikula akaongeza. Na kama walivyolelewa, wakalamba vidole. Ni sunna, na halua ya Mzee Darwesh haina haja ya kukumbushwa sunna.

Kisha wakaenda kunawa na mfereji ukawa mkavu. Maji yalikuwa yamekatika. Wakajimwagia kidogo kutoka kwenye kopo, bila ya sabuni, wakajifuta kwa karatasi, wakarudi kazini. Tamima akavuta glavu mpya kutoka kwenye boksi, akavaa, akaanza kutayarisha vichupa vya dawa.

Majibu yalipotoka, Tamima alikuwa peke yake mbele ya kompyuta. Kichupa cha maji kilikuwa safi, mstari umelala. Mchoro wa dawa ulikuwa na vilele vyote alivyovitarajia, virefu kwa vifupi, kila kimoja mahali pake. Lakini baina yake vilisimama vilele vingine ambavyo hakuvialika. Vilikuwa vimepangana kwa nafasi sawasawa, kimoja baada ya kingine, ngazi kamili kutoka chini mpaka juu.

"Nilikuza mchoro, nikavihesabu tena," anasema. "Nilijisemea, Tamima, hizi sindano zimeharibika, na Bi Rukaiya yuko barazani anakungoja."

Kheir aliitwa. Aliupitia mchoro kilele kwa kilele. Tamima akaomba apime upya, na Kheir akamjibu kile ambacho kila mpimaji anakijua na hakuna anayependa kukisikia.

"Huwezi kupima tena kwa sababu jibu hujalipenda, Bi Tamima. Nieleze kwanza hizi zimetoka wapi. Ukinieleza, utapima. Ukishindwa, dawa inarudi."

Ikirudi, shehena nyingine isingefika kabla ya Ramadhani.

Jioni ile Tamima hakupita mbele ya baraza. Alizunguka kwa upande wa bandarini, akapenya nyuma ya maghala, akaingia kwao kwa mlango wa uani kama mwizi. Mama yake akamuuliza anamkimbia nani. Alipitiliza chumbani kwake, na chakula hakukitaka.

"Nilikuwa na njia mbili na zote mbaya," anasema. "Nikifumba macho nikapitisha dawa mbovu, nimemdhulumu yule mama. Nikiikataa dawa nzima, nimemdhulumu vilevile. Na sote tunaambiwa sukari ni tamu."

Kesho yake akaanza kuitafuta ile ngazi. Wazo la mwanzo lilikuwa la Sumaiya. Maabara wana sukari ya kupimia, mfano wa rula, ambayo nayo huchora ngazi kwenye kompyuta ili wajue kila kilele kiko umbali gani. Huenda tone la rula limerukia kwenye dawa. Wakaiweka michoro miwili, mmoja juu ya mwingine. Ilikaribiana, lakini vidato havikukutana. Kila kidato cha ngazi ngeni kilisimama kabla kidogo ya kidato cha rula.

Hapo ndipo Tamima alipovuta kiti akakaa. Ngazi ya rula na ngazi ile ngeni zote zilikuwa za sukari moja, glukosi, iliyoungwa minyororo, wa mbili, wa tatu, wa nne, kila kidato kimezidi kimoja. Tofauti ilikuwa kwenye namna ya kuunganishwa. Na glukosi iliyounganishwa kwa namna ile nyingine, yeye alikuwa akiijua tangu hajaanza skuli. Ni wanga. Wanga uliovunjwavunjwa vipande.

"Nikajiuliza, wanga umeingiaje humu? Na nani kauvunja?" anasimulia, na hapa anaanza kucheka kabla hajafika. "Nikaangalia vidole vyangu."

Halua ni wanga, sukari na samli. Mate ya binadamu yana kimeng'enya chake chenye kazi ya kuuvunja wanga. Mtu akila halua kwa vidole, akavilamba, akajifuta kwa karatasi bila ya sabuni, vidole vinabaki na utando wa samli uliobeba wanga ulioanza kuvunjika. Akivuta glavu kwenye boksi kwa vidole hivyo, anaishika kwa nje. Na hiyo nje ndiyo inayogusa vifuniko vya vichupa. Kichupa cha maji kilikuwa safi kwa sababu kilitayarishwa kabla ya halua.

Alishuka kwa Kheir. Anasema alikuwa amejitayarisha kugombezwa, maana halua ni yake, vidole ni vyake na glavu alizivaa yeye. Kheir alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Na mimi nilikula," akasema. "Haya, lithibitishe."

Uthibitisho wa namna hiyo ulikuwa haujawahi kuonekana kwenye maabara ile. Mzee Darwesh aliombwa bakuli jingine la halua ileile. Alipouliza ni la nini, Tamima alimwambia ni la kazi, naye akaona bintiye sasa amepata kazi ya maana. Sumaiya akapelekwa chumba cha chai na kuamriwa ale, alambe vidole, ajifute kwa karatasi, avute glavu, kisha atayarishe kichupa cha maji matupu. Tamima naye akanawa kwa sabuni kama anavyonawa sasa, akavuta glavu kwenye boksi jipya na kutayarisha kichupa chake.

"Hiyo ndiyo siku pekee nimeandikiwa na mkuu wangu kula halua," anasema Sumaiya. "Nilikula kwa uaminifu."

Ile dawa iliyokuwa imechafuka wakaigawa, sehemu moja wakaitia kimeng'enya kinachokula wanga tu. Kisha wakasubiri, na Tamima akaendelea kuzunguka kwa nyuma ya maghala.

Kichupa cha Tamima kilitoka mstari umelala. Kichupa cha Sumaiya, ambamo hamkuwa na kitu ila maji, kilitoka na ngazi nzima, kidato kwa kidato. Na dawa iliyotiwa kimeng'enya cha wanga ilitoka ngazi imetoweka, vilele vyake vyenyewe vimesimama pale pale, havikuguswa. Tamima alipiga kigelegele. Kwenye maabara. Wa chini walipanda wakidhani kuna harusi.

Kheir hakupiga kigelegele, lakini siku hiyo aliongea sentensi nzima bila ya kuulizwa. Alisema sasa Tamima anaweza kupima upya, na kwamba kuanzia leo hakuna chakula cha kushika kwa mkono kabla ya kazi, na maji yakikatika kazi ya sukari inasimama. Baadaye akaongeza kuwa halua iliyobaki isitupwe.

Dawa ilipimwa upya tangu mwanzo. Ilikuwa nzima, nguo zake zote mwilini. Ripoti ikasainiwa, ghala likafunguliwa, na wiki ileile Bi Rukaiya akachomwa sindano yake mara tatu kama ilivyoandikwa.

Jioni iliyofuata Tamima alipita mbele ya baraza, pole pole, kichwa juu. Bi Rukaiya alimtazama.

"Ulikuwa safari?" akamuuliza.

"La, bibi. Nilikuwa na kazi nyingi."

"Kazi za kupitia nyuma ya maghala," Bi Rukaiya akasema, na akamwachia aende.

Damu haipandi siku moja. Wiki ya kwanza Bi Rukaiya hakuona tofauti. Ya pili alikwenda dukani akarudi bila ya kukaa njiani, na ndipo alipogundua, tayari yuko mlangoni kwake na mkate mkononi. Shaaban ilipoingia alitoa koni zake kabatini, akajichora mwenyewe ua moja kwenye goti, akalitazama, akaridhika. Kisha akatuma mtoto kwa jirani kusema kuwa anapokea maharusi.

Na kwa kuwa Unguja ni ndogo, mmoja wa mabibi harusi wake wa mwezi ule alikuwa Sumaiya.

Ni Jumamosi alasiri, Nungwi. Kwenye nyumba ya wazee wa Sumaiya jamvi limetandikwa, wanawake wamejaa mpaka ukumbini, na mwandishi naye amepewa kona yake baina ya mashangazi wawili na sinia la visheti. Bi Rukaiya amekuja kwa gari kutoka mjini, mwendo wa zaidi ya saa, na ameshamaliza miguu na mikono ya bibi harusi. Maua yanapanda mpaka kwenye viwiko, majani membamba kama nywele, na hakuna mstari uliotetemeka. Sumaiya amelazwa kwenye mto, haruhusiwi kugusa kitu, analishwa visheti na wadogo zake.

Tamima amekaa karibu ya dirisha, anazungumza na mwandishi juu ya mipango yake. Anataka maabara yao ianze kupima na zile dawa za protini wanazopewa wanawake wenye saratani ya matiti, maana nazo zina sukari zake, na bado zinasubiri majibu ya nje. Ameshaomba kwenda kusomea shahada ya pili na amepata barua ya kukubaliwa. Anataka wasichana wawili wa kuwafundisha kabla hajaondoka, na mmoja awe wa Pemba, ili siku moja mashine kama ile inunuliwe na kule.

"Nataka mgonjwa achomwe sindano yake bila ya kuuliza imetoka wapi," anasema. "Basi. Sitaki anijue."

"Tamima," Bi Rukaiya anaita kutoka jamvini.

"Naam."

"Njoo. Leta mkono."

"Bibi, mimi sina harusi."

"Nani kakwambia hina ni ya harusi tu? Leta mkono."

Tamima anasogea, anakaa, anatoa mkono wa kulia. Bi Rukaiya anaushika kwa kidole gumba katikati ya kiganja, anaugeuza kwenye mwanga, anaanza. Ua la kwanza linafunguka chini ya kidole cha shahada, kisha la pili, kisha bua linalozunguka kifundo. Wanawake wengine wanaimba na hawasikii.

"Zile sindano za mwezi ule," Bi Rukaiya anasema bila ya kuinua macho, "ulizipima wewe?"

Ripoti imeshatoka siku nyingi na dawa imeshatumika. Sasa anaruhusiwa kujibu.

"Naam, bibi. Mimi."

Koni inasimama kidogo juu ya ngozi. Kisha Bi Rukaiya anamalizia jani alilokuwa akilichora, analipuliza likauke, na kuuweka mkono ule juu ya paja lake polepole, usije ukachafuka.

"Leta na wa pili," anasema.